Paja la Kulia

"Tulia basi, bado hujalegea," Mkandaji alisema, kidole gumba chake kikiwa kimezama katikati ya paja la mumewe.

Mwendapole alilala chali juu ya kitanda cha kukandia, taulo machoni, miguu yake mirefu ikipitiliza ukingo. Chumba kilinukia kafuri na mafuta yaliyopashwa moto. Alikuwa ametoka kukimbia barabara ya mlimani na wenzake wa klabu. Wao ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakuwahi kutangulia mwanzoni mwa mbio wala kubaki nyuma mwishoni. Mkewe aliushuka msuli polepole mpaka juu ya goti, akakutana na fundo, akalibana, akalisubiri liachie.

Simu ikatetemeka juu ya stuli.

"Nisomee," mume alisema.

Hakukuwa na haja hata ya kuishika. Maneno yalikuwa yamejitokeza yenyewe kwenye kioo: Inashuka. Kula kitu sasa. Hakuna salamu, hakuna jina. Watu wanaoandikiana bila salamu ni watu waliokwisha kuzoeana.

"Nesi wako anasema sukari inashuka."

"Nesi wetu," Mwendapole alisema. Akapapasa juu ya stuli, akapata ndizi, akaimenya na kuila vivyo hivyo akiwa amelala.

Mkandaji aliondoa mikono yake akaifuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Mikono hiyo ilikuwa juu ya mwili huo tangu mume arudi, na haikuwa imemwambia kitu. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa mji, pengine ameshika kikombe cha chai, pengine amekunja nne, alikuwa ameyajua ya ndani ya mume wa mtu kabla ya mke mwenyewe. Roho ilimuuma. Ilimuuma kweli, mahali penyewe, kama jino.

Nyumba hiyo, basi, ilikuwa na wagonjwa wawili. Wa kwanza ugonjwa wake ulijulikana hospitalini, na dawa yake ilikaa kwenye jokofu kando ya maziwa. Wa pili alikuwa na wivu, na wivu haukai kwenye jokofu.

Haukuanza na Nesi, tusimsingizie. Ulianza na mapaja. Mkandaji aliyajua mapaja ya mtu huyo kabla ya kulijua jina lake. Alikuja siku moja klabuni, fundi rangi mwenye madoa ya chokaa kwenye nyusi, akalala kitandani kwake kama wanavyolala wote, na yeye alipomgusa akasema moyoni kwamba hii sasa ndiyo misuli. Mirefu, mitulivu, haina papara. Mengine yakafuata. Ndiyo maana, miaka ilipopita na mapaja hayo yakaanza kuisha mikononi mwake kama kipande cha sabuni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijua jambo hilo, na akalielewa kombo. Mwanamume anayekonda bila sababu, aliwaza, anayo sababu. Alimpekua mifuko. Alimnusa kola za mashati. Alimwuliza wifi yake, dada wa mume, mshonaji aliyepanga chumba cha pili katika ua wa nyumba yao, kama kaka yake ana mtu.

"Kaka yangu?" wifi alimjibu, pini mdomoni. "Huyo anakunywa maji ndoo nzima halafu anashinda chooni. Mwanamke gani atamvumilia zaidi yako?"

Wifi hakujua kwamba amesema dalili zote. Siku Mwendapole alipoanguka kutoka kwenye ngazi, brashi mkononi, ndipo walipompeleka hospitali, na ndipo Mkandaji alipomwona Nesi kwa mara ya kwanza. Hakuwa mrembo wa kutisha. Hilo lingekuwa afadhali. Alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye viatu vya kutembelea na sauti isiyopanda, na aliongea na Mwendapole kuhusu misuli yake.

"Damu yako imejaa sukari," alimwambia, "lakini misuli haiipati. Kongosho ndilo linalotengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoufungulia msuli mlango. Lako limeacha kutengeneza. Kwa hiyo misuli inakufa njaa na chakula kimejaa mlangoni, na mwili umeanza kuila misuli yenyewe. Ndiyo maana mapaja yamekwisha."

Mwendapole alimtazama Nesi kama mtu anayesimuliwa ndoto aliyoiota yeye mwenyewe. Mkandaji aliketi pembeni, mkoba mapajani. Alikuwa amekesha akiyalilia mapaja hayo, na sasa mgeni ameyaeleza kwa maneno machache, akapatia.

Tangu hapo mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Sindano zilimrudishia mume wake nyama. Akarudi kwenye ngazi zake, akarudi kwenye mbio, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia. Nesi akambandika kidude cheupe nyuma ya mkono, ukubwa wa kifungo cha koti, chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kuipeleka sukari yake kwenye simu mbili, ya kwake na ya Nesi.

Wifi alipokiona alicheka mpaka akashika ukuta. "Kikulacho ki nguoni mwako, wifi yangu. Mke mwenzio hapiki, hafui, halali hapa, na kila kitu anajua."

"Mimi sina mke mwenzangu."

"Ndiyo, mama. Mbona umenuna?"

Hakununa. Alivimba tu. Akavimba zaidi siku Mwendapole aliporudi kutoka kliniki na kichekesho. Nesi alikuwa amemwonyesha mstari wa sukari yake, unavyopanda na kushuka kama njia ya milimani, akaweka kalamu kwenye kilima kimoja cha Jumapili na kumwuliza alikula nini. Hakuwa amekula kitu. Basi ulikasirika, au ulipata hofu, Nesi akasema, maana hasira na hofu vina homoni zake, na homoni hizo huliamuru ini limwage sukari, kana kwamba unataka kumkimbia simba.

"Nikakumbuka," Mwendapole alisema, bado akitabasamu. "Ni ile Jumapili tuliyogombana habari ya ada ya klabu."

"Kwa hiyo tukigombana anaona?"

"Anaona kilima tu. Hajui ni wewe."

"Kwani ana simba gani mwingine wa kumdhania?"

Mwendapole akaliacha tabasamu lake taratibu. Siku nyingi baada ya hapo Mkandaji aligombana naye kwa kunong'ona, kama vile mtu wa tatu yuko chumbani.

Nesi hakuwa mjinga. Alituma mwaliko: wagonjwa wanaokimbia waje na wenzao wa nyumbani, kuna darasa. Mkandaji alisema ana mteja. Darasa likarudiwa. Mkandaji akawa na mteja tena. Mara hiyo ya pili alikaa chumbani kwake mlango wazi, akakunja taulo zilizokwisha kukunjwa, na hakuna mteja aliyepita hata uani.

Jioni hiyo Mwendapole alirudi akiwa na ujumbe, na kwa jinsi alivyovua viatu bila haraka ilionekana hajui aufikishe vipi. Mbio ndefu za klabu zilikuwa zimekaribia, za kwanza kwake tangu augue. Kocha alikuwa amesitasita, akasema mwishowe kwamba Nesi akikubali naye amekubali. Nesi alikubali, kwa masharti.

"Siku ya mbio nipunguze dawa," Mwendapole alisema. "Na sindano nipige tumboni, sio pajani."

"Haya."

"Na asubuhi ile... usinikande. Mapaja. Amesema msuli ukishapata joto..."

"Amesema nisikukande."

"Asubuhi ile tu."

"Mimi nimekuwa nikiwakanda wakimbiaji asubuhi ya mbio tangu yeye hajajua kufunga kamba za viatu."

"Kuna sababu. Amesema joto na kukandwa vina..."

"Sitaki sababu zake." Aliikunja taulo kwa mara nyingine. "Ameshachukua damu yako, ameshachukua chakula chako, ameichukua mpaka hasira yetu. Sasa amefika kwenye mikono yangu."

Mwendapole, aliyeweza kuvumilia barabara ndefu kuliko wenzake, hakuwa hodari wa kuvumilia ugomvi wa nyumbani. Na sababu ile ikabaki haijasemwa, imekaa baina yao kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti.

Asubuhi ya mbio waliamka kabla ya jua. Mkandaji alikuwa amejiapiza kutosema neno. Alimchemshia chai, akampakia asali na ndizi kwenye kifuko cha kiunoni, akamwekea jezi juu ya kiti. Angekitimiza kiapo chake kama simu isingetetemeka.

"Hata jua halijatoka," alisema.

"Ananitakia heri tu."

"Mimi nimelala ubavuni kwako usiku kucha sijapata nafasi ya kukutakia heri. Yeye keshaipata."

"Jamani, mke wangu. Leo tu. Nakuomba leo tu."

"Leo nini? Nikae kimya ili kilima kisionekane?"

Hasira hasara, wahenga hawakuwa na kidude cha mkononi lakini walijua. Walibishana wakiwa wamesimama, chai ikapoa. Mwendapole alipotazama simu, sukari ilikuwa imepanda mbali, juu ya pale Nesi alipomruhusu kuanzia. Kocha akiona namba hiyo hatamruhusu asimame mstarini. Akatoa sindano kwenye jokofu, akajipimia dawa, si ile ya kupunguzwa, bali zaidi ya ile ya kila siku, na kwa haraka, kwa mazoea, akakunja bukta akajichoma pajani. Paja la kulia, lile analolitumia siku zote.

Mkandaji alimwona. Alimwona na akanyamaza, kwa sababu maneno ya tumbo na paja yalikuwa maneno ya yule mwanamke, na yeye hangeyarudia kwa kinywa chake.

Mwendapole akamtazama mkewe amesimama pale, mdomo ameuvuta, mikono imening'inia haina kazi. Akamwonea huruma. Akapanda kitandani akalala chali.

"Haya," alisema. "Nikande."

Na akamkanda. Alipasha mafuta, akaloweka taulo kwenye maji ya moto, akalifunika paja mpaka ngozi ikalainika, kisha akaingia kwa kisigino cha mkono, akasukuma kutoka gotini kwenda juu, tena na tena, kwa nguvu ambayo hakuwahi kumpa mteja yeyote anayelipa. Alikanda kwa mapenzi, tusimdhulumu haki yake. Alikanda pia kwa ushindani. Mwendapole aliposimama, paja lilikuwa la moto, jepesi, limejaa damu, na mkewe akaona fahari kifuani.

Mbio zilipoanza fahari hiyo iliongezeka. Alikuwa nyuma ya gari la klabu, miongoni mwa madumu ya maji, na kila walipowapita wakimbiaji alimwona mumewe akienda kama hajui uzito wa mtu. Hakuwa mwendapole tena. Alikuwa mbele, na mbele hakuwahi kuwa mapema hivyo. Kocha alitoa kichwa dirishani.

"Umempa nini huyu leo?"

"Mikono tu," Mkandaji alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Gari likatangulia kwenda kushusha maji kwenye kituo kilichofuata. Wakashusha, wakapanga bilauri za karatasi, wakangoja. Wakapita wa kwanza, wakapita wengine. Mkandaji akasimama katikati ya barabara akitazama kona. Mume wake hakuja.

Walirudi kumtafuta. Walimkuta mbali nyuma, kando ya ukuta wa kiwanda cha mabati, na kabla Mkandaji hajaruka chini aliona jinsi mambo yalivyo. Mwendapole alikuwa ameketi chini, shati limelowa, ngozi imepauka, anamsukuma mtu asimguse na kumtukana matusi ambayo hajawahi kuyatamka maishani. Aliyekuwa akisukumwa ni Nesi. Alikuwa ameona namba zikiporomoka kwenye simu yake, akatoka mbio kutoka kituo cha maji cha nyuma alikokuwa akiwangojea wagonjwa wake, viatu vyake vya kutembelea vimejaa vumbi. Alikikumbatia kichwa cha Mwendapole kwenye mapaja yake, akakishika kwa nguvu, akachovya kidole kwenye asali ya kile kifuko cha kiunoni na kukipitisha ndani ya shavu lake. Tena. Na tena.

Hapa hadithi ingependa kusema kwamba Mkandaji alishikwa na hofu. Hofu ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Kitu cha kwanza alichokiona ni kidole cha mwanamke mwingine mdomoni mwa mumewe, na kitu cha kwanza kilichomwinukia kifuani kilikuwa kile kile cha siku zote. Akasimama pale barabarani kwa kitambo ambacho hangependa mtu yeyote akijue, mumewe akiwa baina ya uhai na kitu kingine, naye anaona gere.

"Njoo umshike miguu," Nesi alimwambia bila kugeuka. "Anajipigapiga."

Akaja. Akaishika miguu. Misuli ya mapaja ilikuwa ikitetemeka yenyewe chini ya viganja vyake, na la kulia lilikuwa bado na mafuta.

Mkandaji alikesha naye hospitali siku ile, na mume alipopata nafuu walirudishwa nyumbani na kuambiwa waje wamwone Nesi katikati ya wiki. Siku hiyo Mkandaji hakuwa na mteja. Walikaa viti viwili, mume na mke, mbele ya meza yenye kipimo cha presha na chupa ya maji. Nesi aligeuza kioo cha kompyuta ili waone.

"Huu ndio mstari wa siku ile," alisema. Hakuonekana kuwa amelala vizuri. "Hapa, kabla ya mbio, umepanda sana. Halafu hapa umeanguka kama jiwe. Mtu anayekimbia, misuli yake inajifungulia mlango hata bila insulini, kwa hiyo sukari kushuka nilitegemea. Lakini sio hivi. Sio ghafla hivi. Ulipunguza dawa nilivyokwambia?"

Mwendapole alitazama mikono yake. "Niliongeza kidogo. Niliona imepanda."

"Kwa nini ilipanda?"

"Sijui."

"Na kilichoifanya iingie haraka hivyo? Ulipiga tumboni?"

"Sijui," Mwendapole alisema. "Sikumbuki."

Nesi aliweka kalamu mezani. "Nisikilize, kaka yangu. Daktari ameniuliza, na mimi nimekosa jibu. Mwili unaoanguka bila sababu inayojulikana hauwezi kupelekwa barabarani. Amesema nisipoweza kulieleza jambo hili, mbio ndefu basi. Utatembea. Kutembea ni kuzuri."

"Sawa," Mwendapole alisema. "Nitatembea."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekubali rangi aliyoichagua mwenye nyumba. Mkandaji alimtazama. Huyu ndiye mtu aliyelia chooni siku aliyoweza tena kukimbia mpaka daraja la kwanza, akidhani maji ya bomba yanamficha. Alijua. Alikumbuka ugomvi, alikumbuka sindano, alikumbuka taulo na mafuta, vyote alivikumbuka. Alikuwa akimfichia mkewe aibu, na bei yake ni mbio zote zilizobaki katika maisha yake.

Siku zote Mkandaji alikuwa akitamani kitu kimoja tu, mumewe awe na jambo moja analomficha Nesi kwa ajili yake. Sasa amepewa. Na alipoliona lilivyo, mwili ulimsisimka kwa ubaya.

Mficha uchi hazai. Lakini jamani, kuna uchi wa kumvulia mganga, na kuna wa kumvulia mtu ambaye umemchukia kwa miaka.

"Alipiga pajani," alisema.

Mwendapole akageuka. "Mke wangu..."

"Niache niseme, nikinyamaza sitasema tena. Alipiga pajani. Niliona. Kisha nikamkanda. Nilimpasha taulo ya moto nikamkanda pale pale, kwa nguvu."

Nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia.

"Nilisema asikandwe," Nesi alisema, na sauti yake isiyopanda ilikuwa imekuwa nyembamba. "Nilikuita darasani nikueleze mwenyewe. Mara mbili."

"Nilikuwa na mteja."

Nesi akamtazama.

"Sikuwa na mteja," Mkandaji alisema.

"Joto na kukanda vinaivuta dawa iingie kwenye damu kwa kasi. Halafu akakimbilia mguu huo huo. Angeweza kufa pale ukutani, unaelewa? Angekufa nikiwa nimemshika." Nesi alinyanyua kalamu, akaishika bila kuandika. Alikuwa amekasirika, na hasira hiyo ilimfaa Mkandaji zaidi kuliko upole, maana upole asingejua aupokeeje. "Paja lipi?"

"La kulia."

Akaandika. "Kabla au baada ya chai?"

"Hakunywa chai. Ilipoa."

"Kwa nini ilipoa?"

"Tulikuwa tunagombana."

"Ndiyo maana ilipanda," Nesi alisema, zaidi kwa kioo kuliko kwao, na kidole chake kikafuata mstari ule mpaka kileleni. "Hofu ya mbio, na juu yake ugomvi. Kumbe hakikuwa chakula. Naye akadhani ni sukari ya kweli ya kuipigia dawa, kumbe ingeshuka yenyewe." Akaandika tena, haraka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukafunguka kidogo, kama wa mtu aliyeupata uzi uliopotea kwenye nguo. "Mligombania nini?"

Mwendapole alifumba macho. Mkandaji alikuwa amefika mbali, na kurudi kulikuwa mbali zaidi.

"Wewe," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Ulimtumia ujumbe alfajiri. Nilikuwa na wivu. Nina wivu. Unajua sukari yake kabla sijajua kama ameamka. Mimi ndiye niliyeyalea mapaja yale." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, mikono yake aliikalia. "Hata ulipokuwa umemshika pale chini, hata pale, nilikuwa na wivu."

Nesi hakucheka, wala hakumwambia pole. Alitazama karatasi yake kwa muda, akaonekana kutafuta mahali pa kuliweka neno hilo. Akaligeuza upande huu na upande ule.

"Nitaandika msongo wa mawazo," alisema mwishowe.

"Andika," Mkandaji alisema.

Na kwa kuwa sasa jambo lilikuwa na maelezo, daktari alilegeza kamba, ingawa si yote. Akimbie mara moja, peke yake, mbele ya macho ya watu. Sindano tumboni, dawa ya kupunguzwa, mapaja yasiguswe. Akienda akarudi salama, watazungumza.

Walikutana kwenye kiwanja cha shule, ambako barabara ya mlimani huanzia na kuishia. Mwendapole alifunga kamba za viatu, akawatazama wanawake wawili waliosimama kila mmoja upande wake, akaona la hekima ni kuondoka bila kumuaga yeyote. Akaenda, kwa mwendo wake wa zamani, mpaka miti ikammeza.

Palikuwa na benchi moja tu. Wakakaa, Nesi huku, Mkandaji kule, katikati yao nafasi ya mtu mwembamba. Nesi alikuwa na simu. Mkandaji aliuvumilia mgongo wa simu hiyo kadiri alivyoweza, akiwa ameficha mikono kwapani. Asubuhi nzima ilikuwa ikimwasha kwa kukosa kazi.

"Ngapi?" aliuliza.

Nesi alisita, kisha akasogea mpaka nafasi ile ikaisha, akaiweka simu juu ya goti lake mwenyewe ili wote waone. Namba ilikuwa nzuri, na kamshale kadogo kando yake kamelala. Wakaiangalia kama wanawake wanaoangalia maziwa yaliyo motoni. Kamshale kakainama. Mabega yao yakagusana, na hakuna aliyelitoa lake. Kakainama tena, kidogo, kisha kakajinyoosha.

"Amekula ndizi," Nesi alisema.

"Asali," Mkandaji alisema. "Ndizi haili akiwa anakimbia."

Nesi alilifikiria hilo. "Sikujua."

Mkandaji aliisikia raha ikimpita kifuani, raha ndogo ya kijicho, naye hakuifukuza.

Halafu namba ikaanza kupanda, si kwa hatari, taratibu tu, hatua kwa hatua, na Nesi akasema huo ndio ule mteremko wa mwisho, ameshauona uwanja, moyo unamwenda mbio. Wote wawili wakasimama kwa pamoja. Mwendapole akatokea chini ya miti, mdogo kwanza, kisha mtu mzima, jasho linamng'aa, mapaja yake yanapanda na kushuka bila mkono wa mtu juu yake. Alipolifikia geti la kiwanja aliwaona pale wamesimama bega kwa bega. Akainua mkono mmoja juu.

Mkandaji akainua wa kwake, haraka, na hakugeuka kutazama kama karibu na sikio lake kulikuwa na mkono mwingine hewani.